Gitaa Lako Liko kwa Mama Mkubwa

Beno,

Umeuona mfuko mwepesi, siyo? Usiutikise, hakuna kitakachodondoka. Gitaa halimo. Nimejaza humo blanketi lako la zamani ili usimame vizuri pale ukutani, na juu yake nimeweka barua hii. Najua unaisoma asubuhi kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu tangu ukiwa darasa la pili hujawahi kupiga mswaki kabla ya kutyuni gitaa, na aliyekuzoesha hivyo ni mimi. Basi kaa hapo kitandani usome mpaka mwisho. Basi la Mwanza halifiki stendi ya Msamvu mapema, na hata ukiliwahi, ile hoteli ya huko Mwanza iliyokupa kazi imemwita mpiga gitaa. Ukifika mikono mitupu watakupa ufagio.

Usinigongee mlango, sipo. Nilipo utapajua ukimaliza kusoma.

Naandika jioni hii ukiwa umekwenda kuwaaga wenzako, maharage yako jikoni yanachemka. Sitakuandikia habari za kuvaa soksi wala za kutokula vya barabarani. Hayo nimeyasema mpaka nimechoka kujisikia. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika mbele yako naishia kufoka, nawe unavaa hedifoni zako, tunakuwa tumepotezeana muda. Karatasi huwezi kuivalia hedifoni. Nilidhani hasira zitaisha kabla hujaondoka. Hazijaisha, na sina haja ya kujifanya mama mpole wa kwenye kadi za Krismasi kwa sababu tu mtoto anasafiri.

Tuanze na Jumamosi.

Mdogo wako Tekla amemaliza kidato cha nne, tukamweka ndani kama mabinti wote wa ukoo wetu wanavyowekwa, na Jumamosi tukamtoa. Turubai likafungwa, viti vya kukodi vikapangwa mpaka kwa jirani, ngoma zikawambwa. Dada yangu Felista, Mama Mkubwa wako, akateremka kutoka Mgeta akaacha kabichi zake shambani kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Wimbo wenyewe unaujua, umeusikia tangu ukiwa mgongoni. Mwali anakaa mkekani, kafunikwa khanga, uso chini. Mama Mkubwa anaita majina ya mama zetu, mmoja baada ya mwingine, kuanzia yule wa kale ambaye hakuna ajuaye kaburi lake liko bonde gani, na kwa kila jina wanawake wanaitikia kwamba tunaye. Jina la mwisho ni la mama mzazi wa mwali. Hilo wanawake wanalinyamazia. Wanaliitikia watoto wa mama huyo, wa kike na wa kiume, wanalitamka wenyewe kwa sauti mbele ya watu wote, na hapo ndipo mwali anainua uso. Siku nyingine zote mtoto wetu hamtaji mama yake kwa jina, ni utovu wa adabu. Siku hiyo asipomtaja ndiyo utovu wa adabu.

Mama Mkubwa hakutaka gitaa. Alisema, "Skola—", aa, jina langu tuliache kwanza. Alisema, "Mdogo wangu, wimbo huu haujawahi kuchomekwa kwenye umeme, na mama hakutuachia waya." Mimi nikamjibu, "Dada, huyu mtoto atakufuata popote utakapokwenda." Nilijigamba. Nilikuwa nakutembeza kama mtu anayetembeza jogoo wake sokoni.

Na ulimfuata, nisikunyime haki yako. Mama Mkubwa alianza kama anavyoanza siku zote, pale koo lake lilipoamkia, katikati ya ufunguo mmoja na mwingine, mahali ambapo kinanda cha kanisani hakina kidude cha kubonyeza. Nilikuona umeinamisha kichwa unasikiliza. Jina la kwanza lilipita hujagusa kitu. Ukalegeza nyuzi taratibu huku umeziziba kwa kiganja zisilie, na alipoita jina la pili ukaingia chini yake, pale pale aliposimama yeye, bila kumwomba asogee hata unywele. Hakuna aliyeona ulichofanya isipokuwa mimi. Machozi yalinilenga. Nilisema moyoni, hii ndiyo kazi ya vidole, hii ndiyo ile miaka yote.

Angekuwa baba yako angetafuta ufunguo mpaka jioni. Nisikilize nikueleze kuhusu baba yako, maana wewe umelelewa na hasira zangu juu yake bila kuambiwa zilitoka wapi. Baba yako alipiga gitaa kwa hisia. Alifumba macho, alitikisa kichwa, nyuzi zimelegea kama kamba za kuanikia nguo na yeye machozi yanamtoka. Ukimwambia, mume wangu, uzi wa tatu umeshuka, anakwambia, "Muziki unatoka moyoni, wewe mwanamke unahesabu tu." Watu walimpenda. Wanawake hasa walimpenda. Hisia zile zile zikaja zikampeleka Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, zikamwoza mke mwingine, na mpaka leo akiulizwa anasema moyo ndio uliomwongoza. Kwa hiyo mtu akija kwangu kusema ufundi unaua hisia, ninamwona baba yako. Ninaona uvivu umevaa koti la kuazima. Mtu anataka kulia lakini hataki kujifunza pa kuweka kidole.

Hilo sijalibadilisha, na usinielewe vibaya huko mbele.

Turudi Jumamosi. Jina la pili limekwisha, wanawake wameitikia, mambo mazuri. Ndipo rafiki yako akainua simu kukurekodi. Nawe ukaiona ile simu. Niliuona mgongo wako ukinyooka. Mama Mkubwa akafunga mdomo avute pumzi aite jina la tatu, na wewe ukamwaga noti katika pumzi yake. Zikapanda shingo yote ya gitaa na kushuka, safi, hakuna hata moja iliyoteleza. Akaanza jina, hakusikika, akarudia. Wanawake hawakujua waitikie wapi. Nusu wakaitikia, nusu wakasita. Jina la nne ukafanya vile vile, na safari hii ukaongeza mbwembwe za kuukandamiza uzi kwa mkono wa kulia. Wanawake wakaanza kunyamaza, mmoja hapa, wawili kule, hadi ikabaki ngoma na wewe. Kisha ngoma nayo ikaacha. Mama Mkubwa akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaweka mikono mapajani. Wewe ulikuwa umefumba macho.

Ulipomaliza, yule MC wa kukodi, asiye na mila wala aibu, akadhani ndiyo mwisho. "Makofi kwa Beno! Makofi ya maji!" Akamwinua Tekla kwa mkono kama anaokota mzigo. Mtoto akafunuliwa uso majina hayajafika hata kwa bibi yangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimevaa kitenge kipya, nasubiri kuitwa. Nimesubiri kuitwa hivyo tangu nilipomzaa.

Unajua Mama Mkubwa alisema nini jikoni? Usidhani alitoa busara. Alisema, "Mwanao ana vidole kama panya ghalani. Havitulii, na kila vinapopita vinaacha chenga." Kisha akala wali sahani mbili kwa hasira na kumtukana MC mpaka jua likazama. Yule naye anaipenda sauti yake kupita kiasi, namjua, nimelala naye kitanda kimoja utoto wote. Lakini hakustahili ulichomfanyia usiku ule ule. Ukairusha video. Na juu yake ukaandika kwamba bibi kapotea njia, mjukuu kaokoa shughuli. Bibi! Hata cheo chake kwako ulikikosea ili wenzako wacheke.

Jumapili baada ya misa nilikuita uani. Nayarudia maneno yako kama ulivyoyasema, ili usije ukayakana.

"Kwani nimekosea wapi, mama? Nitajie noti moja tu niliyochapia."

"Hakuna."

"Sasa?"

"Wanawake walinyamaza."

"Si walikuwa wananisikiliza? Mtu akiua jukwaani mnamwacha aue, mama."

"Mama Mkubwa wako hakumaliza wimbo."

"Angefuata biti. Na halafu wewe ndiye uliyenifundisha hivi. Ulitaka nisikosee, sikosei. Leo umekasirika nini?"

Ukavaa hedifoni ukaingia ndani. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu la haraka, na mimi bila jibu la haraka huwa naogopa. Jibu lako hili hapa, nimelitafuta wiki nzima nikiwa sokoni natenga karoti nzuri na mbovu.

Nilipokuwa na umri wa Tekla nilipiga gitaa kwenye kwaya ya kigango chetu kule milimani. Msichana anayepiga gitaa wakati ule alikuwa kama mbuzi anayepanda mti, watu walikuja misa ya kwanza kuniangalia tu. Nilijua kodi tatu za gitaa, yaani mikao mitatu tu ya vidole. Kwa kodi hizo tatu niliimba zaburi zote, nikazipunguza zingine na kuzikunja nyingine ili zinitoshee. Watu waliridhika, na mimi nilidhani Mungu ameridhika. Pasaka moja mwalimu wa kwaya akaamua wimbo wa utukufu upandishwe, kwa sababu sauti za kwanza mwaka huo zilikuwa na nguvu. Akatoa noti. Nikatafuta. Vidole vyangu vikaenda kwenye zile kodi tatu, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine vilipopajua. Kwaya ikaanza juu, mimi niko chini. Akaisimamisha. Kanisa limejaa hadi mlangoni, padri ameinua mikono. Mwalimu akanyoosha mkono wake kwangu, akalichukua gitaa, akampa mvulana aliyekuwa likizo kutoka seminari. Nikashuka zile ngazi za kwaya na gauni langu la Pasaka, nikaenda kukaa kwenye mabenchi.

Baada ya hapo nikaazima gitaa la kaka yangu. Kila nikitoka kuosha karoti mtoni nilikaa nyuma ya banda na vidole vimekufa ganzi kwa yale maji ya mlimani, nikajifunza kubana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada. Kidole kilivimba, ngozi ikatoka, ikaota nyingine. Nikajifunza kuisogeza ile kodi moja popote kwenye shingo, ili mtu aimbe anapotaka, apande, ashuke, mimi nipo. Pasaka iliyofuata nilirudi. Mwalimu akatoa noti, nikawa nimeshafika. Akapandisha kunijaribu, nikapanda. Wimbo wa mwisho nikamwongezea vikorombwezo ambavyo hajawahi kuvisikia. Kwaya ilinyamaza, Beno. Walisahau kuimba ubeti mzima, wakanitazama. Mwalimu naye kimya.

Sasa jibu ndilo hili. Ule ukimya ulikuwa mtamu kwangu kuliko nyimbo zote nilizowahi kuimba. Nilirudi nyumbani naulamba kama sukari. Tangu siku ile nimepiga gitaa ili watu wanyamaze. Kwanza yule mwalimu, halafu baba yako, halafu wote. Nilijidanganya kwamba napenda muziki uliotimia, kumbe nilipenda kuona midomo ya watu imefungwa.

Wewe nikakulea katika hilo. Nikakukalisha uso ukutani ili usitazame watu. Nikakuwekea ile saa ya mezani karibu na sikio, tik, tik, na mwiko mkononi, ukiteleza nakugonga kidole. Ukiacha nafasi kati ya noti mbili nasema, "Umelala?" Nilikufundisha kwamba kimya ni uvivu. Na kulikuwa na katazo moja kubwa kuliko yote, unalikumbuka. Nilikukataza kuimba ukiwa unapiga. Ulikuwa mtoto mwenye sauti ndogo nzuri, ulipenda kuimba hovyo hovyo majina ya mboga, na kila ukianza kuimba nilikugonga. Nilisema sauti hufunika makosa. Chagua, ama mdomo ama vidole. Ukachagua vidole kwa sababu uliuogopa mwiko. Hujaimba tangu hapo, hata "Heri ya kuzaliwa" unasogeza midomo tu.

Kwa hiyo Jumamosi wanawake walipokoma kuimba, wewe ulikuwa umepata kile nilichokufundisha ukitafute. Na mimi nilikuwa nimesimama upande wa wanaonyamazishwa, kwa mara ya kwanza tangu ile Pasaka niliyonyang'anywa gitaa. Niliona aibu, kisha hasira, na hasira ikaelekea kwako kwa sababu ulikuwa karibu.

Usianze kufurahi. Nakuona unatabasamu hapo kitandani, unasema, unaona, amekiri. Sijakusamehe. Mwiko niliuweka kabatini ulipoingia sekondari. Tangu wakati huo masikio yamekuwa yako. Umekaa na wale mabingwa wako wa kwenye simu, wavulana wanaopiga peke yao chumbani na taa za bluu, unahesabu nani ana kasi kumshinda nani. Hakuna hata mmoja wao niliyemwona akimpigia mtu mwingine aimbe. Na Mama Mkubwa alikuwa hatua chache mbele yako, mwanamke mzima, kifua kinapanda kinashuka. Ulikuwa na macho. Ulichagua kuitazama simu. Hilo sikukufundisha mimi, nyumbani kwangu kulikuwa na ukuta tu.

Na jambo jingine. Tangu Jumapili hujauliza mdogo wako yuko wapi. Umekula, umetyuni, umejibu watu wanaokuandikia "mwanangu unatisha", hujauliza. Tekla yuko kwa mama yenu mdogo, mtaa wa nyuma hapa hapa Mwembesongo, na yuko ndani. Mama Mkubwa amemrudisha. Amesema mwali ambaye majina yake hayakufika mwisho hajatoka, awe amepigiwa makofi ya maji au ya moto. Kanyang'anywa simu, kafunikwa khanga, anakula uji. Nilipokwenda kumwona jana aliniambia, "Mama, kaka kanirudisha ndani kwa sababu ya video. Mwambie nikitoka nitamvunja hicho kidole." Mimi nimemwambia ajipange foleni nyuma yangu. Mama Mkubwa naye hataki kurudi Mgeta. Kabichi zinapasuka shambani, yeye amekaa huko huko kwa mama yenu mdogo na mdomo umevimba, anangoja.

Leo mchana ulipotoka nikalichukua gitaa lako na kile kispika chako kidogo, nikapeleka kule. Nilikusudia kumaliza jambo hili mimi mwenyewe ili wewe uende zako na sifa zako. Nikamwambia dada, "Basi tuimbe sasa hivi, nitapiga mimi." Akasema, "Haya, piga wewe." Akaanza, chini zaidi ya Jumamosi kwa sababu amekuwa akigomba siku nyingi. Nikampata. Jina la kwanza likaenda. Akafunga mdomo avute pumzi.

Vidole vyangu vikajaza.

Sikuviambia. Vilikwenda vyenyewe, kama mguu unaokanyaga ngazi za nyumba uliyoihama zamani. Dada akaacha, akanitazama. "Kumbe panya ni wa ukoo," akasema. Nikajaribu tena, vikajaza tena. Mara ya tatu nilikaribia kulitupa lile gitaa nje. Tekla huko chini ya khanga nilimsikia anacheka.

Ndipo nikafanya kitu ambacho sijakifanya tangu nikiwa na kodi zangu tatu. Nikaimba. Nikaitikia pamoja na wanawake, yaani mama yako mdogo na jirani yake mmoja aliyekuja kuazima chumvi, huku napiga. Ikawa vibaya sana. Nilikosa noti ambazo mtoto wa darasa la tatu hakosi. Lakini dada alipovuta pumzi, na mimi nilikuwa sina pumzi, nikalazimika kuvuta, na vidole vikasimama vikanisubiri. Vilisimama kwa sababu mwenye vidole alikuwa anahema. Wimbo ukaenda. Tukafika hadi kwa mama yangu, nikamsikia akiitwa, tukaitikia kwamba tunaye, nikalia palepale na gitaa mapajani, nalia hovyo na uzi wa tatu umeshuka. Baba yako angefurahi sana kuniona, mjinga yule.

Hapo dada akaacha. Limebaki jina moja, na hilo halikuwa na mtu wa kuliitikia ila Tekla peke yake. "Ana kaka," akasema. "Sifuniki nusu sufuria."

Sikufundishi kwamba ufundi ni bure. Bila kile kidole kilichovimba nyuma ya banda la karoti nisingempata leo alipoanzia, na wewe usingempata Jumamosi. Mwenye kodi tatu anamlazimisha mwimbaji aje aliko yeye, na huo nao ni ukatili, niliufanya misa nyingi. Lakini wewe una kila mlango na ufunguo wake, na umeingia nyumba za watu wakiwa wamelala. Sijui tiba yake ni nini huko Mwanza. Labda watalii wanapenda kunyamazishwa. Mimi najua ya hapa tu.

Kwa hiyo vaa shati, uende mtaa wa nyuma. Gitaa liko kwa Mama Mkubwa, kalilaza chini ya kitanda chake na kalifunika kwa ungo. Usiingie unacheka. Piga shikamoo yako kikamilifu, ufute ile video mbele yake, ukae chini, kando ya mkeka. Usimuulize ataanzia ufunguo gani, hajui na hatajua. Mpate alipo, hiyo unaiweza, hakuna kijana hapa mjini anayeiweza kama wewe na ninalisema hilo nikiwa bado nimekukasirikia. Kisha uimbe. Lile katazo nimelifuta. Uitikie kila jina pamoja na wanawake, kwa mdomo, kwa sauti ya mtu, nao vidole vikusubiri. Utakosea. Ukikosea usirudie nyuma kusahihisha, endelea, mwiko nimeuacha nyumbani.

Ukimaliza utapewa gitaa lako, nitakusindikiza hadi Msamvu, na safari njema. Usipotaka, mfuko huo na blanketi ni vyako, nenda navyo.

Mimi nimekwisha kufika huko. Nimesimama nyuma ya Tekla na kile kitenge cha Jumamosi, sijakaa. Na kwa kuwa jina la mwisho mtaliitikia nyinyi wawili, na wewe hujawahi kulitamka mbele yangu, nakuandikia usije ukababaika. Ni Skolastika. Ni refu, vuta pumzi kwanza.